Raba za EPDM kwenye skrubu za bati: uzoefu wangu baada ya masika matatu

Nyumba yangu ipo Pasua, Moshi. Bati ni zima mpaka leo, lakini miaka miwili mfululizo nililala na beseni sebuleni. Masika yakishaanza tu, dari linalowa palepale pa mwaka jana. Mafundi wawili walipaka lami, wakaondoka. Wa tatu ndiye aliyepanda juu na kushuka na vipande vya raba mkononi, vigumu kama maganda makavu, vimepasukapasuka. "Dada, bati halina kosa. Maji yanapita kwenye matundu ya misumari."

Akaniagiza skrubu zenye washa ya EPDM: kisahani cha chuma, chini yake raba nyeusi iliyogandishwa. Bei ilinishtua, nikanunua hivyo hivyo. Na kwenye matundu ya zamani tulilazimika kutumia nene zaidi ili zishike papi.

Nilitaka kujua EPDM ina tofauti gani na mpira wa kawaida. Mpira wa asili una viungo dhaifu kwenye uti wa mnyororo wa molekuli zake; ozoni ya hewani inavikata, jua linamalizia. EPDM hutengenezwa kwa ethilini, propilini na dieni kidogo, na viungo hivyo dhaifu hukaa pembeni, uti wenyewe hauguswi. Weusi wake ni masizi yanayokinga miale ya jua. Inastahimili joto la nyuzi 120 hivi, ndiyo maana ipo kwenye mipira ya rejeta na ile inayozunguka milango ya magari. Kwa paa la Moshi naona kubwa zaidi ni kunyumbuka: mchana bati linaungua na kutanuka, mvua ikipiga ghafla linasinyaa, na raba lazima ifuate mwendo huo kila siku.

Ufungaji ndio unaoharibu kazi. Msaidizi wa fundi alikaza kwa drili mpaka raba ikatoka nje kama ulimi, na skrubu zile mbili zikavuja mvua ya kwanza. Raba ichungulie kidogo tu pembeni ya kisahani, basi. Simama hapo ukiwaangalia, usione aibu.

Nyingine: skrubu zilizobaki kaka yangu alizikata raba akazibia pampu ya dizeli shambani Kahe. Siku chache tu zikavimba na kulegea. EPDM inapatana na maji, hata ya moto, lakini petroli, dizeli na grisi vinaiua. Kwa mafuta ulizia raba ya naitraili.

Mwezi uliopita nilimwomba fundi afungue skrubu moja upande unaopigwa jua la mchana. Raba ilikuwa na alama ya kisahani, hakuna ufa. Nikaibonyeza kwa ukucha, ikarudi.