Uwanja wa Jangwani Tunaoungojea: Tathmini ya Njia Kabla ya Jukwaa

Jumamosi iliyopita nilishuka katika kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Msimbazi Polisi, hapa Dar es Salaam, saa 9 alasiri, nikaenda kwa miguu hadi Jangwani. Klabu ya Young Africans, yaani Yanga, imetangaza zaidi ya mara moja nia ya kujenga uwanja wa kisasa katika eneo lake la Jangwani, pale penye uwanja wa zamani unaobeba jina la Kaunda, na mazungumzo ya sisi mashabiki kila mara huishia kwenye idadi ya viti, umbo la paa na aina ya nyasi. Mimi nilitaka kujua kama mtu asiye na gari, aliyemshika mtoto mkono au anayeongozana na mzazi wake mzee, ataweza kuufikia uwanja huo na kurudi nyumbani salama. Tathmini hii, kwa hiyo, ni ya njia, maana jukwaa bado halipo.

Kipimo changu ni Uwanja wa Benjamin Mkapa ulioko Temeke, ambao wengine bado tunauita Taifa na vijana wanauita Lupaso. Ulikamilika mwaka 2007, ukiwa umejengwa na kampuni ya Beijing Construction Engineering Group, na unachukua watu 60,000. Ukishaketi ndani, hata kule mzunguko kwenye tiketi za bei nafuu, mchezo unaonekana vizuri, ingawa njia ya riadha inawaweka walio nyuma ya magoli mbali kidogo na mpira. Ugumu upo nje. Mechi ya saa 1 usiku inapokwisha, maelfu ya watu humiminika kwa wakati mmoja kuelekea Uhasibu, Chang'ombe na Tandika, wakichangia barabara na bodaboda, bajaji, magari ya wakubwa na, kwa upande wa Barabara ya Mandela, malori yanayotoka bandarini. Watani zetu wa Msimbazi, klabu ya Simba, walipobuni kaulimbiu ya "Kwa Mkapa hatoki mtu" walikusudia kuwatisha wageni, lakini mwenda kwa miguu anayejaribu kuondoka usiku ule huielewa kwa maana yake nyingine. Utani huo una upande mzito pia: Mei 28, 2023, siku Yanga ilipocheza na USM Alger katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mtu mmoja alipoteza maisha na wengine walijeruhiwa katika msukumano wa mashabiki. Tangu siku hiyo siwezi kuuhesabu mlango wa uwanja na njia inayoufikia kuwa mambo madogo ya kupangwa mwishoni.

Jangwani ina kitu ambacho Temeke haina, nacho ni ujirani na Kariakoo. Karibu kila safari ya jiji hili hupita au huishia Kariakoo. Njia ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza kutoa huduma mwaka 2016, inaleta watu kutoka vituo vya Kimara na Morocco hadi Gerezani na Kivukoni. Njia ya pili inafuata Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala. Na abiria wa treni ya umeme wa kutoka Morogoro na Dodoma hushuka Stesheni, mahali ambapo mtu mwenye miguu mizima anaweza kuvuka Mnazi Mmoja na kuingia Kariakoo bila kupanda chombo kingine. Uwanja wa aina hii hauhitaji bahari ya maegesho, na ningesikitika kuona ardhi ya katikati ya jiji ikimwagiwa lami ili magari mia kadhaa yalale juani kwa saa tatu, halafu pabaki patupu wiki nzima.

Sasa niieleze safari yenyewe. Makao makuu ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi, na ya Yanga yapo kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Baina ya majengo hayo mawili hapafiki robo saa, hata kwa mtu anayetembea kwa kusitasita kama mimi. Ni jambo la kufurahisha kwamba dabi nzima inaweza kutembelewa kwa miguu mchana mmoja. Njia za waenda kwa miguu zipo, ila zimejaa viatu, vyombo vya plastiki, mashuka na mito ya makochi, kiasi kwamba watembeao hushukia barabarani na kugombania nafasi na mikokoteni. Oktoba 2021 wamachinga waliondolewa katika njia hizo, na kila mwenye macho anaona kwamba wengi wamerudi. Sidhani kuwafukuza tena siku za mechi kutasaidia, kwa sababu hao ndio watakaowauzia mashabiki jezi, maji na mihogo ya kukaanga. Ningependa zaidi wachorewe mstari: upande mmoja wa mtaa uwe wa biashara, upande wa pili ubaki wazi kabisa, na anayesimamia mstari huo awepo hata siku zisizo na mpira, maana tabia ya mtaa haijengwi kwa saa mbili kabla ya filimbi.

Mifuniko ya mitaro nayo ni somo. Katika mtaa mmoja, ambao sitautaja, mfuniko ulikuwa umeondolewa na pengo likafunikwa na kipande cha boksi; mguu wangu wa kushoto ukazama hadi kwenye kifundo. Kijana mmoja muuza maji alinishika mkono akaniambia, "Pole sana, mzee wangu, hapa ni lazima utembee unatazama chini." Hilo lilitokea jua likiwaka. Saa 3 usiku, katika mtaa usio na taa, huku watu mia wakikusukuma kutoka nyuma, ushauri wa kutazama chini hautoshi.

Ukishaacha maduka na kuukaribia uwanja wa Kaunda, harufu ya hewa hubadilika na ardhi hushuka. Hapa ndipo tathmini yangu inapokuwa kali, kwa sababu Jangwani ni bonde la Mto Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha, maji hujaa hapa. Barabara ya Morogoro imefungwa mara nyingi kwa sababu hiyo, karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa bondeni imefurika mara kwa mara, na mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwahamisha wakazi wengi hadi Mabwepande. Wapo wanaosema dawa ni kuleta kifusi na kuinua kiwanja. Kifusi kitaukausha uwanja, nakubali, lakini maji yaliyokuwa yakipumzika hapo yatatafuta pa kwenda, na jirani wa Magomeni au Kigogo ndiye atakayeyapokea. Zaidi ya hayo, uwanja ulioinuliwa huku njia zake zimebaki chini utakuwa kisiwa, na mashabiki watatazama mechi nzuri kisha wavue viatu ili warudi nyumbani.

Kwa hiyo njia kuu ya miguu, kutoka upande wa Mtaa wa Msimbazi hadi milangoni, inapaswa kuinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini yake, iwe pana vya kutosha kwa watu wanaokwenda na wanaorudi, na ipandiwe miti kila penye udongo. Mkungu mmoja wenye kivuli una thamani kubwa kuliko bango la mdhamini, nami nasema hivyo nikiwa nimetembea saa 9 alasiri ya Dar es Salaam. Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 za Marekani mwaka 2022, umejumuisha ujenzi wa daraja jipya la Jangwani, na hii ndiyo nafasi ya kuunganisha michoro miwili: daraja liwe na njia ya miguu iliyotengwa na magari kwa ukingo imara, na ngazi pamoja na mteremko wa viti vya magurudumu vishukie upande wa uwanja, ili shabiki wa Magomeni Mapipa aje kwa miguu yake badala ya kusubiri basi kwa kituo kimoja au viwili. Anayedai kwamba watu wa jiji hili hawapendi kutembea aende Daraja la Tanzanite jioni yoyote. Lilipofunguliwa mwaka 2022 likiwa na njia pana za miguu, familia nzima zilihamia pale kupunga upepo bila kualikwa na mtu.

Kuhusu milango nitasema kwa ufupi: iwe mingi, itazame pande tofauti, na ukaguzi wa tiketi ufanyike mbali na ukuta wa uwanja ili foleni isibanwe.

Kwa mahali, naipa Jangwani alama 9 kati ya 10, na kama mwana Yanga nimejizuia nisitoe 10. Kwa njia za miguu jinsi zilivyo leo, naipa 3, moja kati yake ikiwa ya yule kijana muuza maji. Safari yangu ilikuwa ya siku kavu, jambo ambalo limeipendelea Jangwani. Nitairudia mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, nikiwa nimevaa mabuti ya mpira, nami nitaanzia Magomeni badala ya Kariakoo. Alama hizo tutazipitia upya hapo.