Kofia za felti zimepanda bei: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Kofia mbili zinaweza kukaa rafu moja, rangi moja, ukingo wa upana uleule, na moja ikauzwa mara nne ya ile nyingine. Tofauti haiko kwenye utepe wala kwenye jina lililopigwa chapa ndani. Iko kwenye nywele zilizotengeneza felti, yaani kitambaa cha nywele zilizoshikanishwa bila kufumwa, na hizo nywele ndizo zilizopanda bei.

Felti bora hutokana na manyoya laini ya chini ya sungura, sungura mwitu au biva, yule mnyama wa mitoni anayeangusha miti kwa meno. Sungura hafugwi kwa ajili ya kofia. Hufugwa kwa nyama, na ngozi yake ni ziada tu. Ulaji wa nyama ya sungura ukipungua, manyoya huadimika hata kama wanunuzi wa kofia wamepanga foleni. Tena viwanda vinavyogeuza manyoya kuwa koni za felti ni vya kuhesabu kwa vidole: Fepsa ya Ureno, Tonak ya Ucheki, vichache vya Marekani na Amerika Kusini. Watengenezaji wengi unaowaona kama washindani hununua koni zao humo humo, kwa hiyo kiwanda kimoja kikipandisha bei, majina mengi hupanda pamoja.

Kazi yenyewe haiharakishwi. Manyoya hupeperushwa kwenye ungo wenye umbo la koni, hufyonzwa na hewa mpaka yakashika, kisha koni hiyo kubwa, nyepesi kama pamba, huviringishwa kwenye maji moto tena na tena hadi isinyae chini ya nusu ya ukubwa wake. Ndipo hutiwa rangi, hukazwa kwa shelaki (dawa ya kukazia), huvutwa kwa mvuke juu ya kalibu, kile kigogo chenye umbo la kichwa, na kupigwa msasa. Kampuni ya kofia ya Borsalino ya Italia, iliyoanza 1857, huhesabu hatua zaidi ya 50 na takriban wiki 7 kwa kofia moja.

Bei inapobana, muuzaji ana njia mbili: kupandisha tarakimu au kupunguza kitu ndani ya kofia. Njia ya pili ndiyo ya kuogopwa. Felti hufanywa nyembamba, mkanda wa jasho wa ngozi, ule wa ndani unaogusa paji, hubadilishwa kuwa wa kitambaa au ngozi bandia, utepe hugundishwa badala ya kushonwa, na sufu huchanganywa humo bila kelele.

Mpangilio ufuatao umezingatia swali moja: ukigawa bei kwa miaka ambayo kofia itavaliwa ikiwa na umbo lake, ipi inabaki nafuu?

1. Manyoya ya sungura matupu, kofia isiyo na mbwembwe

Hii ndiyo ya kwanza, na hata bei ikiendelea kupanda itabaki hapo. Manyoya ya sungura hushikana barabara, hustahimili mvua ya kawaida, na kofia ikipoteza umbo fundi anaweza kuirudisha kwa mvuke na kalibu. Kampuni ya Akubra ya Australia imejenga jina lake juu ya felti ya namna hii. Chukua rangi ya kahawia au kijivu na ukingo wa sentimita 6 hadi 7. Rangi hizo huficha vumbi na jasho kuliko nyeusi au nyeupe. Acha pini za fedha, manyoya ya ndege na mikanda ya kusuka. Vitu hivyo huongeza bei, navyo unaweza kuviongeza mwenyewe baadaye.

2. Kofia kuukuu ya manyoya, iliyokalibishwa upya

Hapa ndipo mnunuzi mwenye jicho anaponufaika zaidi. Felti nzuri haichakai kama kitambaa. Kinachokufa kwanza ni mkanda wa jasho. Kofia ya miaka mingi yenye mkanda uliopasuka lakini felti nzima ni mali, kwa sababu mkanda hubadilishwa, na felti ikakalibishwa upya.

Ikague hivi. Iinue mbele ya taa kali, utazame kwa ndani: vitundu vidogo vinavyopitisha nuru ni vya nondo, na tundu la kupenya halizibiki likapotea. Pitisha kidole kwenye mkunjo wa mbele wa kichwa cha kofia, pale watu wanapoishikia. Felti hukonda hapo na hatimaye hupasuka. Jasho lililopanda juu ya utepe kama doa jeusi la mviringo halitoki kabisa, basi lipunguzie bei. Pima mzingo wa ndani kwa tepu na usiamini namba ya lebo, kwani mkanda wa ngozi uliokauka husinyaa na kuivuta kofia yote nao.

Tahadhari moja ambayo wauzaji hawaitaji: zamani manyoya yalitayarishwa kwa chumvi za zebaki, na Marekani ilikomesha matumizi hayo mwaka 1941. Kofia ya kabla ya hapo iachwe kabatini kama kumbukumbu. Usiipige mvuke chumbani.

Kofia yoyote kuukuu ikifika, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki na uiweke kwenye friza kwa wiki moja kabla haijakaribia nguo za sufu.

3. Mchanganyiko wa sungura na biva

Biva kidogo huongeza ulaini na uwezo wa kuzuia maji. Ni nzuri kwa anayevaa kofia kila siku nje. Tatizo ni kwamba muuzaji mara nyingi hasemi biva ni asilimia ngapi. Uliza. Asipojibu kwa namba, lipa bei ya sungura au ondoka.

Hapa pia ndipo utakapokutana na herufi X, alama ya ubora wa felti: 4X, 6X, 20X, 100X. Hakuna kipimo cha pamoja cha X. Kila mtengenezaji ana chake, na 10X ya mmoja inaweza kuwa duni kuliko 6X ya mwingine. Zitumie kulinganisha kofia za mtengenezaji mmoja tu.

4. Biva tupu

Ni felti bora kuliko zote, hakuna ubishi. Lakini ubora unaoongezeka haulingani na pesa inayoongezeka. Anayefanya kazi juani na mvuani mwaka mzima ataona faida yake. Wa kuvaa harusini na mjini hataiona.

5. Sufu nzuri

Nywele za kondoo ni nene na zenye mawimbi, hazishikani kwa kubana kama manyoya, kwa hiyo kofia husimama kwa nguvu ya dawa ya kukazia. Ikilowa, dawa hulegea na ukingo huinama. Ikikaushwa kwa joto, husinyaa. Kwa mtu anayejaribu kama kofia inampendeza kabla ya kutoa pesa nyingi, au anayevaa mara chache sikukuu, inatosha kabisa, ilimradi ailipie bei ya sufu. Majina makubwa, Stetson ikiwamo, huuza za sufu na za manyoya chini ya chapa moja, basi usome nyuzi, usisome chapa. Kwenye lebo za Kiingereza "fur felt" ni manyoya na "wool felt" ni sufu. Lebo inayosema felti tu, bila neno la ziada, ichukulie kuwa sufu au nyuzi za plastiki.

6. Sufu iliyovikwa sura ya manyoya

Ya mwisho, na ndiyo inayokula pesa za watu wengi siku hizi: felti ya sufu iliyosuguliwa ing'ae, bitana ya hariri bandia, sanduku zuri, bei ya katikati. Haina maisha ya manyoya wala unafuu wa sufu. Heri namba 5 yenye ukweli.

Kutambua felti kwa mikono

Kunja ukingo taratibu kwa vidole viwili na uuachie. Manyoya hurudi polepole, laini, bila alama. Ukingo unaokakamaa kama karatasi ngumu na kubakia na mstari umejaa dawa ya kukazia. Telezesha kidole upande wa ndani, chini ya bitana kama imelegea: manyoya ni laini pande zote mbili, sufu hukwaruza. Kofia ya fedora ya manyoya ina uzito wa takriban gramu 100. Ikiwa nyepesi mno na nuru inapenya, felti imepunguzwa.

Kisha pindua mkanda wa jasho. Mkanda mzuri ni wa ngozi, umeshonwa kwenye utepe mwembamba wenye uzi mnene ndani yake, nao ndio ulioshonwa kwenye felti. Ukiona gundi, mkanda huo utabanduka kwa jasho. Kukosa bitana si dosari. Kofia nyingi nzuri hazina, na angalau hapo felti unaiona.

Saizi

Zungusha tepu sentimita moja hivi juu ya masikio na katikati ya paji, usiibane. Pima mara tatu. Kwa saizi za Kimarekani, sentimita 57 ni 7⅛, 58 ni 7¼, 59 ni 7⅜, 60 ni 7½. Ukiangukia katikati, chukua kubwa: kofia kubwa hupunguzwa kwa kijitepe cha sponji nyuma ya mkanda, ndogo hutanuliwa kidogo tu na kwa shida. Ikibana mbele na nyuma lakini ikapwaya pembeni, tatizo ni umbo. Kichwa chako ni kirefu kuliko kalibu yao, na saizi kubwa zaidi haitasaidia. Tafuta anayetengeneza kofia zenye umbo la yai refu.

Ukiamua kuitengeneza umbo kwa mvuke wa birika, pindua mkanda wa ngozi nje kwanza. Mvuke ukiupata, hujikunja kama ganda na kofia hupungua saizi. Sababu hiyohiyo hufanya kofia iliyolowa ikaushwe ikiwa imesimama juu ya mkanda uliotolewa nje, mbali na jua na jiko.

Kwa iliyoagizwa mtandaoni, usikate lebo siku ya kwanza. Ivae ndani ya nyumba nusu saa. Alama nyekundu kwenye paji ikibaki baada ya dakika kumi, irudishe ilivyo, maana kofia iliyokwisha kupigwa mvuke hakuna muuzaji atakayeipokea.