Risasi za saboti kwenye .308 yangu: mbio ninazo, shabaha sina

Bunduki yangu ya .308 (huo ni upana wa risasi yake kwa inchi) ina leseni, na wikendi nyingi huwa uwanja wa shabaha upande wa Bamburi. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo hapa nazungumzia karatasi, si nyama. Nilipata kwa muuzaji mwenye leseni pakiti moja ya risasi 20 za saboti, za zamani, zilizotengenezwa Marekani kwa kuwindia wanyama wadogo. Nilikuwa nikizitamani miaka.

Saboti ni Kifaransa, kiatu cha mti, yaani mtalawanda. Kichwa cha risasi, chembamba cha milimita 5.7, huvishwa kiatu cha plastiki ili kijae kwenye mtutu mpana zaidi. Kikishatoka mdomoni mwa mtutu, kule kuzunguka pamoja na hewa hufungua vidole vya kiatu, yaani vipande vyake vilivyokumbatia kichwa, nacho kikabaki nyuma. Kichwa kina gramu 3.6 tu, kwa hivyo huruka mita 1,150 hivi kwa sekunde. Risasi yangu ya kila siku, ya gramu 10.9, haizidi sana 800.

Nilifika asubuhi mapema, upepo wa kusi haujachangamka. Mita 100, nimelala, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Tano za kawaida zilikaa pamoja, karibu uzifunike kwa kizibo cha soda. Tano za saboti zikatawanyika sentimita 9. Nikasema labda ni mimi. Nikaacha mtutu upoe, nikapiga tano nyengine: sentimita 11, na moja imekwenda zake pembeni kabisa. Teke lake ni jepesi mno, bega halikuhisi kitu, na hilo nalisifu kwa moyo mmoja.

Uwanja ulipofungwa kwa mapumziko nilikwenda kuviokota viatu mchangani, hatua ishirini hivi mbele. Vingi vilikuwa vimechanua kama ua. Viwili vilikuwa na kidole kimoja ambacho hakikufunguka sawa na wenzake. Kwangu mimi jibu lilikuwa hapo. Kidole kimoja kikichelewa, kichwa husukumwa upande wakati wa kuachana, na kosa dogo pale mdomoni huwa kubwa likifika mita 100. Tena ukuta wa plastiki ukiwa mnene upande mmoja, kichwa hakikai katikati ya mtutu tangu mwanzo.

Wazo lenyewe si bovu. Mizinga ya vifaru hutumia saboti na hupiga barabara, ila viatu vyake ni vya alumini au vitu vigumu zaidi, vimechongwa kwa vipimo vya hali ya juu.

Kama mdomo wa bunduki yako umefungwa breki (kifaa cha kupunguza teke) au kizuia sauti, tafadhali usizijaribu: vidole vikifunguka mle ndani vitagonga chuma, na hujui kichwa kitaelekea wapi.

Zilizobaki kumi nimezifungia kwenye sefu. Jumamosi kuna mashindano, nami naenda na zile za gramu 10.9.