Kabla hujalipia toleo jipya la programu ya kuhariri video

Kila toleo jipya likitoka, naletewa kilio kile kile: "Dada, nimepandisha toleo, sasa projekti ya harusi haifunguki kwenye kompyuta ya mwenzangu." Hakuna anayelilia rangi wala vimanjonjo. Basi mimi nauliza moja tu: ukishapanda, unaweza kushuka?

Karibu kote jibu ni hapana. Projekti ikishahifadhiwa na toleo jipya, la zamani haliitambui tena. Na mteja wa harusi haishi kurudi. Miezi imepita, anataka shemeji fulani aondolewe kwenye video.

1. DaVinci Resolve. Naipendelea, sifichi. Ya bure inatoa video hadi 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde, bila nembo juu ya picha mradi usiguse vimanjonjo vya Studio, yaani ile ya kulipia. Studio yenyewe ni dola 295, unalipa mara moja, na hadi sasa matoleo makubwa yaliyofuata hayajadai nyongeza. Ila hapa ndipo watu wanapoumia: toleo kubwa jipya huomba kubadilisha maktaba nzima ya projekti, si ile moja uliyotaka kujaribia. Usikubali kabla hujatoa nakala ya maktaba na kuiweka kwenye diski ya nje, pamoja na faili la kusakinishia toleo la zamani. Kama una RAM ya GB 8, pesa yako ianzie huko. Resolve inataka 16.

2. Premiere Pro. Hii hutengeneza nakala mpya ya projekti na kuiacha ya awali salama, uungwana huo nausifu. Lakini tangu 2013 Adobe, wenye programu hii, matoleo mapya wanakodisha tu, hawauzi. Ukiacha kulipa, kazi zako unazo ila mlango umefungwa. Kwa anayehariri harusi mbili tatu kwa mwaka, sioni hesabu.

3. Filmora. Nyepesi, rahisi kujifunza. Leseni ya "kudumu" soma vizuri: inadumu na toleo ulilonunua.

Final Cut Pro ni ya wenye Mac au iPad tu. Kdenlive na Shotcut ni za bure, laptop dhaifu inazimudu.

Sasa wauzaji. Kariakoo au Luthuli utauziwa flashi yenye "full version" kwa bei ya chipsi kuku, na sharti la kwanza ni uzime antivairasi. Hiyo haipandi toleo, inapandisha virusi. Wengine wana ujanja zaidi: kamera kama Pocket Cinema Camera 4K huja na leseni ya Resolve Studio ndani ya boksi, na leseni hiyo inafanya kazi kwenye kompyuta mbili. Wanaichomoa, wanaiuza kando, wewe unauziwa kamera "mpya" kwa bei kamili. Ukiuliza, utaambiwa boksi lilifunguliwa forodhani. Mwambie aitoe leseni kwanza, ndipo uhesabu pesa.