Turbo kwenye Massey Ferguson 135: yafaa kwa shamba la Malindi?

Haya watazamaji, karibuni. Hapa mezani kuna seti ya turbo ya trekta la Massey Ferguson 135, lile lenye injini ya Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, nguvu ya farasi kama 45 likiwa jipya. Lilianza kutengenezwa 1964, na huku Malindi bado linalima Magarini na kuvuta trela za mchanga.

Kabla ya boksi, jambo ambalo muuzaji hakwambii. Turbo, feni inayozungushwa na moshi wa egzosi, inaongeza tu hewa inayoingia kwenye injini. Nguvu inatoka kwenye dizeli inayoungua ndani ya hewa hiyo. Ukiifunga bila kugusa pampu utapata moshi mdogo na mluzi mzuri, basi. Na jamani, kwenye CAV DPA, pampu ya dizeli ya injini hii, dizeli haiongezwi kwa ile skrubu ya nje iliyofungwa kwa waya. Ile ni ya mwendo wa juu wa injini. Fundi akiizungusha injini inanguruma, mteja anatabasamu, na hakuna nguvu iliyoongezeka. Pistoni hii inapanda milimita 127. Kwa mizunguko 2,250 kwa dakika tayari inakwenda wastani wa mita 9.5 kwa sekunde. Ukiisukuma hadi 2,800, siku moja konrodi, fimbo inayoshika pistoni, itatoka kuchungulia nje ya bloku. Dizeli hurekebishwa ndani, nyuma ya kifuniko cha ubavuni, kwenye kisahani kinachogongwa kidogo mno. Mpelekeeni fundi mwenye benchi ya kupimia pampu.

Sasa tufungue. Menifoldi, bomba la egzosi linalobeba turbo, imenyooka: weka rula juu ya uso wake, mwanga haupenyi. Shafti ya turbo haichezi juu-chini. Paipu ya kuleta oili iko sawa. Hii ya kurudisha ndiyo balaa: kipenyo cha ndani milimita 10! Oili ikitoka kwenye turbo imeshakuwa povu, na inashuka kwa uzito wake, hakuna kinachoisukuma. Ikikwama inapita kwenye sili, unaona moshi wa buluu, unalaumu turbo. Tafuta hosi ya milimita 16 au 19, ishuke bila kupinda, iingie kwenye sampu, tangi la oili chini ya injini, juu ya usawa wa oili. Sampu ishushwe kabla ya kutobolewa, maana chembe za chuma zikibaki humo beringi hazina maisha.

Geji ya joto la egzosi haimo. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko paipu. Nunua kando, itoboe menifoldi kabla ya turbo, na ukivuta plau usivuke nyuzi 650 za Selsiasi. Presha ya hewa ya turbo ya baa 0.4 inatosha, tukilenga farasi 55 hivi. Ukitaka zaidi, jua klachi itaanza kuteleza, tena kwenye mzigo.

Chujio la hewa la zamani, lile la bakuli la oili, liondoe. Turbo inavuta kwa nguvu na inaweza kunyonya oili ya bakuli. Injini ya dizeli ikipata mafuta kwa njia hiyo, kuvuta kizimio hakuizimi. Weka chujio kavu kubwa. Rejeta nayo: maji ya kisima chetu yana chumvi, yanajenga ukoko, na joto la ziada halina pa kutokea. Tumia maji ya mvua na dawa ya rejeta.

Injini yenyewe ikoje? Pima kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Silinda zikipishana zaidi ya psi 50, seti hii irudishe dukani, ununue slivu, pistoni na nozo. Huenda nguvu unayoitafuta imepotelea humo. Ikiwa nzima, kaza nati za hedi kwa pauni-futi 55 hadi 60, na nafasi ya tapeti za vali iwe milimita 0.30 injini ikiwa baridi.

Siku ya kwanza, mimina oili kwenye tundu la turbo, vuta kizimio, piga selfu mpaka geji ya oili ipande, ndipo uwashe. Na ukimaliza kulima, iache ingurume taratibu dakika tatu kabla ya kuzima. Ukizima ghafla, oili inaungulia ndani ya turbo.

Alama yangu: turbo nzuri, menifoldi nzuri, hosi ya kutupa.