Mablanketi ya kufunikia zege: maoni yangu baada ya kuyatumia kwenye winta ya Minnesota

Kwa kifupi nunua. Wadau mlioko Minnesota, Wisconsin, Kanada huko, mnaopiga kazi za zege mpaka mwezi wa kumi na moja na kuendelea, haya mablanketi ndiyo hela niliyoitumia vizuri kuliko vifaa vyangu vingine vyote vya winta. Nayosema ni yale ya futi 12 kwa 25, ndani kuna foam, juu na chini ngozi ngumu kama turubai, pembeni yana matundu yenye pete za chuma za kupitishia kamba. Sio ya umeme, haya ya kawaida tu.

Nyumbani tumezoea zege likishamwagwa kesho yake unaanza kumwagilia, wiki nzima unalilowesha na magunia juu lisije likakaushwa na jua. Huku adui ni mwingine kabisa. Maji yaliyomo kwenye zege bichi yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na kama zege halijafikia nguvu ya psi 500 (psi ni pauni kwa kila inchi ya mraba, ndicho kipimo cha nguvu ya zege huku) linapasuka ndani kwa ndani huku juu unaliona zima, linaweza kupoteza hata nusu ya nguvu yake na hiyo nguvu hairudi hata ulitunze vipi baadaye. Na watu wanasubiri theluji ndio waseme baridi imeanza! Mwongozo wa ACI 306, wa taasisi ya zege ya Marekani, ambao wakandarasi wa Marekani wanaufuata unaanza kuhesabu baridi hewa ikishuka chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, yaani siku ambayo wewe bado unatembea na sweta tu.

Sasa blanketi linafanya nini. Halitoi joto, hapa ndipo wengi wanapolilaumu bure. Simenti ikikutana na maji inatoa joto yenyewe, blanketi kazi yake ni kulizuia lisitoroke, ni chupa ya chai, ukiweka chai ya moto inabaki moto na ukiweka ya baridi inabaki ya baridi. Kwa hiyo zege lenyewe lazima lifike likiwa na joto, kwa sakafu nyembamba chini ya futi moja usikubali chini ya nyuzi 13, agiza lililochanganywa na maji ya moto, lenye vipovu vidogo vya hewa vinavyowekwa makusudi, na gari likifika pima kabla halijaanza kumwaga. Na usimwage juu ya udongo ulioganda, aisee usijaribu, udongo ukiyeyuka unashuka na sakafu inabaki inaning'inia. Mimi natandika haya haya mablanketi juu ya ardhi siku kadhaa kabla, mwanzoni mwa winta barafu ikiwa haijaenda chini inatosha, ila Januari haitoshi, hapo kodi ile mashine ya mipira ya maji moto ya kuyeyushia ardhi. Huku barafu inaingia chini sana, ndio maana misingi inachimbwa inchi 42 kusini mwa jimbo na 60 kaskazini.

Kuna sakafu ya gereji tuliifunika jioni, asubuhi nje ilikuwa hasi 9. Nikanyanyua blanketi katikati, mvuke ukanipiga usoni, kipimajoto kikasoma nyuzi 17. Nikasogea kwenye kona kabisa karibu na ubao, 8. Sakafu ile ile, blanketi lile lile! Kona inapoteza joto juu na pembeni kwa mpigo, kwa hiyo pembeni kunja mara mbili mara tatu, pitisha blanketi mpaka nje ya mbao za fomu (zile zinazozuia zege pembeni) na uweke mbao nzito juu ya kingo upepo usiingie chini. Chini ya blanketi tandika nailoni kwanza ili unyevu wa zege ubaki.

Ubaya wake upo. Zile pete zinang'oka, upepo wa usiku mmoja tu ukishika vizuri unakuta kamba ipo na pete imebaki nayo hewani, kwa hilo natoa nyota 4 badala ya 5. Mshono ukiachia maji yanaingia yanaganda na hapo kulikunja ni vita ya watu wawili.

Wanaosema hita ya gesi inatosha, ile isiyo na bomba la kutolea moshi nje inajaza hewa ukaa ndani ya hema mliloliwekea zege, juu ya zege panakuwa unga unga ukifagia kila siku hauishi, na kaboni monoksidi inaua watu, sio utani. Wale wa kuchanganya dawa ya kalsiamu kloraidi kwenye zege, inaharakisha kushika kweli lakini inakula nondo, kama kuna chuma ndani tumia dawa isiyo na kloraidi.

Siku ya kufunua usivute mara moja. Legeza kingo kwanza, acha lipoe taratibu, kwa sakafu nyembamba lisishuke zaidi ya nyuzi 28 ndani ya saa 24, la sivyo nyufa. Na mwambie mwenye nyumba winta hiyo ya kwanza asimwage chumvi ya kuyeyushia barafu juu yake, atumie mchanga.

Kuna ndugu zangu wa Makete na Njombe, kule Tanzania, wananiuliza kama niwatumie, maana mwezi wa sita na wa saba kule asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Kwa kweli gharama ya kusafirisha haina maana, baridi yenu ni ya usiku na mchana jua linatoka. Mwageni asubuhi jua likishapanda ili mpaka jioni liwe limeshika, tandikeni nailoni, majani makavu ya kutosha juu yake, halafu turubai la kuzuia majani yasilowe, kwa sababu yakilowa hayazuii baridi tena. Ila kona ni zile zile, wekeni majani mengi zaidi pale.