Vitafunwa vya Kahawa Vinavyokaa: Visheti, Kashata, Halua na Vingine Nilivyovijaribu Dukani

Duka langu ni chumba kimoja chenye benchi mbili nje, hapa Ngamiani jijini Tanga, na kinacholiendesha ni kahawa ya dele inayouzwa kuanzia alasiri hadi baada ya sala ya isha. Kwa muda mrefu kitafunwa changu kilikuwa maandazi na vitumbua vya mama mmoja jirani, vitamu kweli, lakini wateja wa kahawa hawalingani siku kwa siku: mvua ikishuka saa kumi benchi zinabaki tupu, na kitumbua cha asubuhi hakina kesho, kwa kuwa mchele na tui lililotiwa hamira huanza kuchachuka kabla jua la pili halijachomoza. Siku niliyorudi nyumbani na maandazi 17 kati ya 40 ndipo nilipoamua kujaribu vitu vinavyokaa, na hii ni tathmini ya miezi minne ya kuviuza.

Nilianza na visheti. Unga wa ngano uliokandwa kwa samli hukaangwa polepole mpaka ukauke hadi ndani, kisha hugeuzwageuzwa katika shira nzito yenye iliki hadi sukari igande juu yake, nyeupe kama chokaa. Maji yakiwa yameondoka na sukari imefunika, ukungu hauna pa kushika, na ndiyo maana visheti vya mpishi wangu wa sasa vimekaa wiki tatu katika ndoo yenye mfuniko bila kubadilika. Kabla ya kununua, vunja kimoja: kikatike kwa mlio na rangi ya ndani iwe moja, kwani chenye kiini laini kitanuka unga mbichi ndani ya wiki. Mpishi wa kwanza alinifundisha jambo jingine bila kukusudia, maana visheti vyake vilikuwa vikavu kabisa, lakini siku ya nane vilianza kutoa harufu ya mafuta makuukuu, na alipoulizwa alikiri kwamba mafuta yale yalikuwa yamekwisha kukaangia sambusa. Sasa naulizia mafuta kabla sijauliza bei. Kasoro ya visheti ni kwamba sukari huvuta unyevu wa pwani; wakati wa masika chupa ya kaunta ilitoa jasho na visheti vikagandana, kwa hiyo natumia chupa ndogo, naijaza kutoka kwenye ndoo mara mbili kwa siku.

Kashata haihitaji kutambulishwa kwa mnywaji wa kahawa. Aliyekua akisikia muuza kahawa akigonganisha vikombe barabarani anaijua. Hata hivyo kashata ya nazi na ya karanga si kitu kimoja kwa mwenye duka. Nazi huingia sufuriani na maji yake, na zile nilizopokea zilianza kunuka siku ya tano, ingawa kwa ladha zilizishinda za karanga. Ya karanga hukaa wiki mbili bila taabu, ila hapo kuna jambo zito kuliko ladha: karanga zilizohifadhiwa na unyevu hupata sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mpishi anayechambua karanga zake mbele yako, akatupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, anastahili kulipwa zaidi. Niliwahi kununua shehena kwa muuzaji wa jumla kwa bei ya kuvutia, nikakuta chembe chungu kila kipande cha tatu, nikaitupa yote.

Halua ndiyo iliyonishangaza. Nilidhani ni kitu cha harusi na sikukuu, tena ghali, lakini kipande cha ukubwa wa kidole gumba kando ya kahawa chungu yenye tangawizi kinamtosha mtu, na hakuna kitafunwa kingine kinachoitikia uchungu ule vizuri namna hiyo. Wanga, sukari na samli vikisongwa kwa saa kadhaa hutoa kitu kinachokaa wiki nyingi bila friji; friji huifanya iwe ngumu tu. Mimi hununua inayovuka kutoka Wete, Pemba, yenye harufu ya kungumanga. Hasara yangu ya kwanza haikutoka kwa mpishi. Kijana anayenisaidia alikuwa akiosha kisu na kukirudisha kwenye chano kikiwa bado na maji, na siku ya tisa nikaona vidoa vya kijani vimefuata mstari wa kisu, wakati upande ambao haujakatwa uling'aa kama ulivyotoka jikoni. Tangu tuanze kukifuta kisu kwa kitambaa kikavu, vidoa havijarudi.

Biskuti za kiwandani hazikunisaidia nilivyotarajia. Tarehe ya kwenye pakiti ni ya pakiti iliyofungwa. Mteja wa kahawa anataka biskuti mbili, ukifungua, kwa hewa yetu zimelegea kesho yake. Zinafaa tu zile za pakiti ndogo za mtu mmoja. Korosho zinakaa na ni tamu, ila chumvi yake haipatani na kahawa na bei inawafukuza vijana. Tende hazina tatizo lolote, na wazee wenye asili ya Oman hawataki kingine, lakini uzifunike, nzi hawana haya.

Wapishi wa mitaani hawaandiki tarehe, kwa hiyo nabandika kipande cha karatasi kwenye kila chombo siku ninapopokea, na kinachopita muda wangu hakiuzwi hata kama kinanukia.

Kwa sasa kaunta ina visheti, kashata ya karanga na halua kila siku; kashata ya nazi huagizwa Alhamisi kidogo tu, kwa ajili ya Ijumaa. Maandazi sijayaacha kabisa, maana yule mama ni jirani na tumetoka naye mbali. Napokea 12, na yanayobaki watoto wanayanywea chai asubuhi.